Starlet ya zamani na mlima wa Kalinzi

Julai 25, 2021 Simba na Yanga walikutana Kigoma kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Kichwa cha Taddeo Lwanga dakika za lala salama kikamaliza kazi, Simba 1-0, na ubishi wake bado upo kwenye vijiwe vya Mwanga na Ujiji.

Kila mechi kubwa ya Uwanja wa Lake Tanganyika ina mashindano yake ya pembeni ambayo hayarushwi na televisheni. Ni ya magari. Mashabiki wanashuka kutoka Manyovu, Kasulu na Uvinza, wengine wanatoka jirani tu Ujiji na Mwandiga, na filimbi ya mwisho ikilia wanarudi walikotoka, milima ikiwasubiri. Mwenye Land Cruiser hana presha. Basi lina dereva wake. Anayetoka jasho ni mwenye kigari: Starlet, Vitz, Raum, gari la familia ambalo siku ya mechi linageuka kuwa basi la timu.

Na tangu Mashujaa, Wazee wa Mapigo na Mwendo, walipopanda Ligi Kuu mwaka 2023 kwa kuitoa Mbeya City kwenye mchujo, safari hizo si za mara moja moja tena. Kuna za nyumbani, na kuna za ugenini. Tabora peke yake, kwenda kuona mpira Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, ni kama kilometa 400 kwa njia ya Uvinza, Kaliua na Urambo.

Ndiyo maana swali hili haliishi vijiweni: nina kigari cha zamani, mfuko wangu mwembamba, nifanyeje kiwe na mwendo? Tulijibu kwa kutumia Starlet, maana bado zipo, zinapendwa, na spea zake hazijawa za kutafuta kwa tochi.

HESABU YA FARASI

Starlet ya mwisho, ile ambayo mafundi wanaiita EP91, Toyota waliitengeneza kuanzia 1996 hadi 1999, kisha Vitz ikachukua namba. Maana yake hata ile changa kabisa imeshapita miaka 25. Injini yake ya kawaida, 4E-FE, ina silinda nne, valvu 16 na ujazo wa cc 1,331. Ilipotoka kiwandani Japani ilikuwa na nguvu za farasi 85. Gari tupu lina uzito wa karibu kilo 850.

Piga hesabu. Farasi mmoja anavuta kilo kumi. Si haba hata kidogo, na ndiyo sababu Starlet ikiwa na dereva peke yake huwa inachachamaa kuliko watu wanavyoitegemea. Sasa ingiza mashabiki watano wa kilo 70 kila mmoja, ngoma na mavuvuzela tusiyapime. Umeongeza kilo 350. Kila farasi sasa anavuta kilo 14.

Bado mlima. Uso wa Ziwa Tanganyika wenyewe uko mita 773 kutoka usawa wa bahari. Ukishika lami ya Manyovu pale Mwandiga, kilometa 60 hivi, unapanda mpaka kwenye migomba na kahawa ya Kalinzi, kwenye mita 1,500 hivi. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi. Wale farasi 85 walipimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Wakifika Kalinzi wamebaki kama 72, na kila mmoja ana mzigo wa karibu kilo 17.

Na hao ni farasi wa injini mpya. Yako ina robo karne.

Kwa hiyo jamaa anayelalamika kwamba Starlet yake "imechoka" kwa sababu inapanda Kalinzi kwa gia ya pili, huenda gari halina ugonjwa wowote. Ni hesabu tu. Mtu wa nne na wa tano kwenye kiti cha nyuma wanakula mwendo kuliko plagi iliyoanza kuchoka, na hakuna spea ya kutibu hilo.

RUDISHA KWANZA KILICHOPOTEA

Wengi wakitaka mwendo wanawaza kuongeza. Wanaanza na ekzosi, na rimu, na filta ya rangi nyekundu. Ni kama timu inayoshika mkia kukimbilia kusajili straika dirisha dogo wakati nusu ya wachezaji ilionao ni majeruhi. Watibu kwanza hao.

Hatua ya kwanza haihitaji spea yoyote: mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Kazi hiyo ni ya muda mfupi na kifaa chake kipo kwenye gereji yoyote inayojiheshimu. Silinda zote nne zikikaribiana, injini ni nzima na hela utakayotumia juu yake haitapotea. Moja ikianguka mbali na wenzake, acha mipango mingine yote. Una tatizo la ringi, valvu au gasketi, na hakuna filta duniani itakayolificha.

Mgandamizo ukiwa mzuri, twende kwenye pumzi ya gari. Vumbi la kwetu si la mchezo, hasa kwa magari yanayoingia vijijini kutoka barabara kuu. Ea klina iliyojaa vumbi ni sawa na kumkimbiza winga akiwa amefungwa kitambaa mdomoni. Kuipuliza kwa upepo kuna mwisho wake, ikichoka, badilisha. Plagi nne mpya na waya zake, kusafisha nozeli na trotobodi, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta: vyote hivi pamoja mara nyingi havifikii bei ya seti ya rimu za kung'aa, na utavihisi siku hiyo hiyo.

Halafu kuna thamostati. Hapa nitagombana na mafundi wengi. Gari likichemsha kidogo tu, kitu cha kwanza wanachofanya ni kuing'oa na kuitupa, eti Kigoma ni joto. Matokeo yake injini haifikii joto lake la kazi kwa wakati, kompyuta ya gari inadhani asubuhi haijaisha, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Gari linakuwa zito na linakunywa. Rudisha thamostati, kisha utafute sababu halisi ya kuchemsha, ambayo mara nyingi ni rejeta iliyoziba au feni isiyowaka.

Kuhusu rejeta: acheni kuchota maji ya ziwa. Tanganyika ni ziwa zuri la kuogelea na kuvua migebuka, lakini maji yake yana madini mengi, na yakichemka ndani ya injini yanaacha magadi kwenye mirija ya rejeta. Tumia kulanti, au kama huna kabisa, maji safi ya mvua yatakufikisha gereji. Na wale wanaoingiza magari ziwani kuyaosha, oili mnayoiacha pale ndiyo tunayokuja kuila kwenye dagaa.

Kuna mwendo mwingine unapotea kimyakimya kwenye magurudumu. Endesha kilometa kumi bila kukanyaga sana breki, simama, ukaribishe kiganja karibu na kila rimu, bila kuishika. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake imeng'ang'ania. Unaendesha huku umeshikwa jezi. Ongeza na upepo mdogo kwenye matairi, na umeshatoa zawadi ya nusu ya kile ulichokuwa unataka kununua. Upepo sahihi umeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kama kimebanduka, uliza kwenye gari la aina hiyo hiyo, usikisie.

Kisha fungua buti. Nimeona Starlet yenye spika mbili kubwa, betri ya ziada, tairi mbovu la akiba, jeki mbili na ndoo ya sementi iliyosahaulika tangu msingi wa nyumba. Hizo ni kilo za mtu mzima mmoja, na mtu huyo hachangii hata mafuta.

Mafuta yenyewe yanauma. EWURA wakitangaza bei kikomo kila mwezi, lita ya Kigoma huwa juu kuliko ya Dar es Salaam, kwa sababu imesafiri zaidi ya kilometa 1,200 kutufikia. Kwa mwenye mchomoko anayesubiri abiria stendi, gari linalomaliza lita moja pasipo sababu kila safari ni ada ya shule ya mtoto inayotoka kwenye bomba la moshi.

BREKI NDIYO KIPA

Juma Kaseja ni mtoto wa Kigoma, na mashabiki wa rika langu tunajua alichowapa Simba, Yanga na Taifa Stars. Kazi yake haikuwa kufunga mabao. Lakini timu ilipanda mbele kwa amani kwa sababu nyuma kulikuwa na mtu.

Ukigawa bajeti yako mafungu kumi, mimi ningesema matano yaende kwenye breki, matairi na shokapu kabla hujagusa injini. Najua si habari tamu. Hakuna anayepiga picha na pedi mpya za breki. Lakini mlima ulioupanda kwenda Kalinzi utaushuka, usiku, mmejaa, mmeshinda, mnaimba.

Mwendo ukitoka 60 kwenda 80 unaonekana kama umeongeza theluthi tu. Breki hazihesabu hivyo. Nguvu wanayotakiwa kuizima inaongezeka kwa karibu asilimia 78. Zidisha na uzito wa watu watano, zidisha na mteremko mrefu wa kurudi Mwandiga, na utaelewa kwa nini pedeli huwa inaanza kuzama. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa taratibu. Ikikaa miaka, maji yaliyomo huchemka breki zikipata moto, na mvuke hausukumi kitu. Unakanyaga, mguu unafika sakafuni. Ibadilishe yote kila baada ya miaka miwili, siyo kujazia. Ni moja ya kazi za bei ndogo kabisa kwenye gari lote. Na ukishuka, shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia.

Matairi ya mtumba nayo yana umri wake ubavuni: namba nne ndani ya duara, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2311, hilo limezaliwa wiki ya 23 ya 2011, hata kama kashata zake bado ni nene na muuzaji amelipaka rangi nyeusi likang'aa. Liache hapo hapo.

Shokapu watu wanadhani ni za starehe. Kazi yake kubwa ni kulibakiza tairi chini. Ukikuta kona yenye matuta madogo, gari lenye shokapu zilizokufa linaruka ruka kwenda nje, na dereva anapunguza mwendo kwa woga, ambao ni woga wa haki. Weka shokapu nzuri na bushi mpya za mikono ya mbele, kona ile ile utaipita ukiwa umetulia. Huo ni mwendo pia, na haukuchukua farasi hata mmoja. Kinyume chake ni kukata springi ili gari likae chini kama la kwenye video. Kwenye barabara za kwetu, kukata springi ni kununua kazi ya kuchomelea.

FUNDI WA KERICHO

Wapo watakaosema haya ni maneno ya wazee, gari ni injini. Basi tumwangalie Joginder Singh. Alikuwa Mkenya, baba yake alikuwa na gereji Kericho, na yeye mwenyewe alikuwa fundi kabla hajajulikana kama dereva. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia mashindano ya Safari, enzi hizo yakiitwa ya Afrika Mashariki, wakiwa na Volvo PV544 iliyokwishatumika na kiwanda. Gari la mkono wa pili, kwa lugha yetu. Walianza wakiwa namba moja barabarani, na wakashinda.

Mwaka 1974 akarudi na Mitsubishi Lancer ya cc 1,600 tu. Nyuma yake, nafasi ya pili, alikuwa Björn Waldegård kwenye Porsche. Mwaka 1976 Joginder akashinda tena na Lancer. Safari ya wakati ule haikuwa ya kumpa ushindi mwenye mwendo mkali kwenye lami. Ilimpa yule ambaye gari lake lilikuwa bado zima baada ya matope na mawe. Joginder alijua kila nati ya gari lake kwa sababu aliishika kwa mkono. Mwenye Starlet anayetaka kwenda Tabora na kurudi ana mengi ya kumwiga kuliko yale ya magari ya sinema.

USAJILI WA INJINI

Haya, umefanya yote hayo na bado unataka nguvu. Hapo ndipo tunafungua dirisha la usajili.

Mchezaji anayetajwa sana ni 4E-FTE, ile ya Starlet Glanza V, ndugu wa 4E-FE lakini yenye tabo na farasi 135. Kwa milima yetu tabo ina faida ya kweli, kwani inasukuma hewa kwa nguvu na haiumii sana na mwinuko. Tatizo ni bei yake na hali yake: injini ya tabo yenye miaka 25, iliyoendeshwa na vijana wa Japani, inaweza kuja imekwisha. Pia Toyota hawakuweka tabo peke yake. Waliweka pistoni na mgandamizo tofauti, gia boksi imara zaidi na breki kubwa za mbele. Fundi anayekuambia, "Kaka, tunafunga tabo juu ya hii hii yako, kesho unaondoka nayo," mshukuru, mpe hela ya soda, ondoka. Injini ile haikutengenezwa kwa shinikizo hilo; itaanza kugonga, na pistoni zitafuata.

Usajili wa mfuko wetu ni mwingine, na hauimbwi: 5E-FE. Ni ukoo uleule wa injini, ila ujazo wake unakaribia cc 1,500, na ndiyo iliyomo kwenye zile Toyota Raum za kwanza ambazo zimejaa nchi nzima. Haitakupa kishindo kwenye lami tambarare. Inachokupa ni mvuto wa chini, pale unapotoka gia ya pili kwenda ya tatu mlimani na gari haligomi. Kwa kuwa ni ukoo mmoja, inakaa kwenye nafasi ya ile ya zamani kwa kazi ndogo, ingawa nyaya na kompyuta vinataka fundi umeme anayejua anachofanya. Nunua iliyo kamili, pamoja na kompyuta yake, na uipime mgandamizo kabla hujalipa. Kabla haijaingia ndani, badilisha taiming beti, sili na pampu ya maji. Kazi hiyo injini ikiwa chini ni ya muda mfupi, ikiwa ndani ni ya kutwa. Beti likikatika njiani, gari linazima pale pale, na mlima haujali.

Wenye Vitz ya cc 1,000 wasidhani ni rahisi hivyo kwao. Injini ya zile za kwanza, 1SZ, si ya ukoo wa zile NZ zilizomo kwenye IST na Probox. Kuhamisha kunataka na gia boksi na nyaya na mengine. Mara nyingi ni nafuu kuuza na kuongeza hela ukanunua Vitz ambayo ilizaliwa na injini kubwa.

Na karatasi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, nenda TRA ukabadilishe na kadi, umjulishe na mtu wa bima. Siku ya ajali hakuna atakayekusikiliza habari za mvuto wa chini.

Ekzosi ya kelele naitaja kwa kifupi kwa sababu inastahili ufupi. Kwenye injini ndogo ya kawaida inaongeza sauti, basi. Na fundi akikuomba akutolee yale masega ya ndani ya ekzosi bure, jua si bure: ndani mna madini yenye soko, na yeye analijua soko hilo. Rimu kubwa ni hadithi ileile. Zinaongeza uzito mahali pabaya zaidi, zinalifanya gari lianze kwa kusuasua, na kama kipenyo cha tairi kimeongezeka, spidi mita inakusomea uongo mbele ya askari kwenye kibao cha 50.

Ukimaliza, pima. Usipime kwa sikio wala kwa sifa za kijiweni. Chagua kipande kimoja, tuseme kutoka njia panda ya Mwandiga mpaka dukani Kalinzi, nenda asubuhi mapema barabara ikiwa tupu, ukiwa na watu walewale uliokwenda nao kabla ya matengenezo. Andika ni gia gani ulitumia kwenye kipande kikali zaidi, na mshale wa joto ulifika wapi. Jaza tangi mpaka juu kabla, jaza tena ukirudi, gawanya kilometa kwa lita. Fanya mara mbili au tatu, kwani safari moja inaweza kubebwa na upepo au lori lililokuwa mbele yako. Kisha simama Mwandiga, ukaribishe kiganja kwenye rimu zote nne, na uangalie chini ya gari kama kuna kinachodondoka, kabla hujawapigia wenzako simu kuwaambia viti vya kwenda Tabora ni vinne, si sita.